Jina Letu Ndani ya Programu Isiyo Yetu

Vijana wa ofisi niliyoiaga juzijuzi waliniomba niwaandikie jinsi kazi yetu ilivyokuwa kabla yao. Nadhani walitegemea vichekesho vya disketi na vioo vya kompyuta vizito kama friji. Disketi nitazigusa kidogo. Lakini ninachotaka kuwaachia ni habari ya kazi ndogo wanayoifanya mwishoni, wakiwa wameshasimama kwenda kula: kuandika jina la mtengenezaji na namba ya toleo ndani ya programu kabla haijaenda kwa mteja. Kazi hiyo niliipenda kuliko zote. Ndiyo iliyonivunja moyo pia, na sijapona, kwa hiyo asiyetaka kusikitika aishie hapa akanywe chai.

Nilikuja Dar nikitokea Lindi, na cheti cha kompyuta cha chuo ambacho kompyuta zake tulizigusa kwa zamu. Nikapanga chumba Buguruni. Kazi nikaipata Kariakoo kwa Bwana Hasmukh, Mhindi aliyezaliwa mitaa hiyohiyo, mwenye ofisi ghorofa ya pili juu ya duka la vitenge. Aliuza kompyuta, alizitengeneza, na alichokipenda hasa ni kuandika programu za kuendeshea maduka. Siku yangu ya kwanza sikugusa kibodi. Alinishusha ngazi, tukipishana na wapagazi wenye marobota mabegani, akanisimamisha kwenye duka la jumla la sabuni, akaniambia niangalie watu wanavyouza. Niliangalia mpaka adhana ya adhuhuri. Tuliporudi akaniuliza nimeona nini. Nikamwambia nimeona muuzaji hana mkono wa ziada wa kushikia mausi. Akasema basi nimeshaanza kazi.

Alikuwa mtu wa utaratibu katika mahali pasipo na utaratibu. Kila asubuhi alichoma udi mbele ya picha ya Ganesha iliyokaa juu ya stabilaiza, akasugua mikono, kisha akafungua madirisha ili vumbi la mtaa mzima liingie kwenye kompyuta. Kompyuta zetu ziliishi bila mifuniko, tukizipuliza kwa pampu ya baiskeli. Programu tulizipeleka kwa wateja kwa disketi, baadaye kwa sidii, baadaye kwa flashi, na kila chombo kilikuja na namna yake ya kuharibika njiani.

Nilipomaliza programu yangu ya kwanza, ya duka la vifaa vya ujenzi, nilimpelekea nikiwa na furaha. Hakuifungua. Aliweka mausi juu ya faili, akabonyeza kitufe cha kulia, akaenda kwenye ukurasa wa maelezo. Ulikuwa mtupu. Akaniuliza, kijana akija kwenu kuposa, wazee wataanza kumwuliza nini. Nikamjibu kwamba watamwuliza jina lake na kwao.

“Na huyu wako anaingia kwenye nyumba ya mtu hana jina wala kwao,” akasema. “Mrudishe akajitambulishe.”

Ndivyo nilivyojifunza. Unaandika faili dogo la maandishi: jina la programu, jina la ofisi iliyoitengeneza, inafanya nini, haki ni za nani, na namba nne za toleo zilizotenganishwa kwa nukta, ingawa sisi tulizoea kutaja mbili za mwanzo tu. Faili hilo unalipitisha kwenye kikusanyaji, chombo kinachogeuza maandishi yetu kuwa programu, nacho kinalishonea ndani ya programu yenyewe, kiasi kwamba programu ikinakiliwa kwenda popote inakwenda na maelezo yake. Kuna jambo ambalo wengi mnalisahau: namba ya toleo inakaa mahali pawili. Pa kwanza ni maandishi, ya kusomwa na mtu. Pa pili ni tarakimu tupu, za kusomwa na mfumo wa kompyuta. Ukibadilisha pa kwanza ukasahau pa pili, programu yako inakuwa na umri wa aina mbili, kama mchezaji mpira.

Miaka ikaenda, ikaja ile mifumo mipya ya Windows iliyotaka zaidi ya jina. Ilitaka manifesti. Sisi ofisini tuliiita pasipoti: ukurasa mfupi wa maandishi, nao unashonewa ndani, unaosema programu hii inaelewana na mifumo ipi na inaomba mamlaka kiasi gani juu ya kompyuta. Isipokuwa nayo, mfumo unaichukulia kuwa ni mzee wa zamani asiyejua mambo, na unaanza kumdanganya kwa heshima. Programu ikiuliza toleo la mfumo, inatajiwa la zamani. Ikitaka kuandika mahali ilipokatazwa, inakubaliwa, kumbe ilichoandika kimepelekwa chumba cha uani.

Hilo tulilijua kwa taabu. Katika duka moja la vipodozi kulikuwa na dada wawili wauzaji, kila mmoja akifungua kompyuta kwa jina lake. Baada ya fundi kuwapigia Windows mpya, mauzo ya mmoja yakawa hayaonekani kwa mwenzake. Wakaanza kushukiana wizi, marafiki wa miaka, hata wakaacha kusalimiana. Mimi na Bwana Hasmukh tulihangaika na programu ile mpaka tukaanza kugombana wenyewe. Mwishowe nikayakuta mauzo ya kila mmoja kwenye folda iliyofichwa ya mtumiaji wake, yametulia, hayajapotea hata moja. Programu haikuwa na pasipoti, basi. Nikaishonea, nikayahamisha mauzo yote mahali pamoja, na wale dada wakaonana tena uso kwa uso. Hiyo ndiyo kesi moja ya miaka yangu yote ninayoikumbuka nikatabasamu. Tangu siku hiyo hakuna programu iliyotoka mlangoni kwetu bila pasipoti na jina.

Na wateja nao tuliwafundisha. Mitaa ilikuwa imejaa mafundi wa kutembea na flashi, na Bwana Hasmukh alitaka kila mteja ajue kukagua. Nilipokuwa nikifunga programu dukani, somo langu la mwisho lilikuwa hilo: weka mausi juu ya faili, bonyeza kulia, soma maelezo, ukikuta jina letu, ni sisi.

Mmoja wa niliowafundisha alikuwa Bwana Komba, mtu wa Songea, mwenye duka la dawa la jumla na rejareja mitaa miwili kutoka kwetu. Alikuwa mpole, mwenye miwani iliyofungwa kamba, na aliandika kila nilichosema. Programu yake niliiandika mwenyewe, nikaweka ndani kizuizi nilichojivunia: dawa iliyopita muda wake haiuziki. Muuzaji akiichagua, kinatokea kisanduku chekundu na risiti haitoki. Wauzaji walikilaani kisanduku kile, kwa sababu tarehe ikiingizwa vibaya kilizuia hata dawa isiyo na kasoro, na foleni ikafika nje. Bwana Komba aliwaambia wavumilie.

Siku moja asubuhi waliingia ofisini kwetu watu watatu wa upelelezi, wakiongozwa na afisa mmoja aliyeitwa Chacha. Alikuwa mtulivu, alivua viatu alipoona zulia dogo la Bwana Hasmukh. Akauliza kama sisi ndio tuliotengeneza programu ya duka la Bwana Komba. Bwana Hasmukh akajibu ndiyo, kwa fahari kidogo. Chacha akamwambia aketi.

Duka lilikuwa limefungwa kwa utepe. Mzee mmoja wa Buguruni aliyekuwa akiumwa kisukari alikuwa amenunua insulini pale, akajichoma kama alivyozoea, sukari ikapanda badala ya kushuka, na alifikishwa hospitali akiwa hajitambui. Alifariki. Chupa zilizobaki nyumbani zilikutwa zimepitwa na muda. Hospitali haikusema dawa ndiyo iliyomuua. Ilisema dawa ilikuwa imepoteza nguvu. Familia ilielewa ilivyoelewa. Wauzaji walipoulizwa walisema hawakuona kisanduku chochote chekundu, kompyuta imekubali, risiti imetoka.

Nikasema haiwezekani. Nikaomba kuiona kompyuta, nao walikuwa wameibeba. Nilipoiwasha, programu ilifunguka kwa kasi kuliko yetu, ikiwa na rangi zetu na vitufe vyetu. Nikabonyeza kulia, nikafungua maelezo. Jina la programu, letu. Jina la ofisi, letu. Hata maneno ya haki, na kosa langu la tahajia ambalo sikuwahi kulirekebisha, yalikuwepo. Toleo: 4.3. Sisi hatukuwahi kutoa 4.3. Tulikuwa kwenye 4.1, na ilikuwa imelala pale mezani.

Ilivyojitokeza ni hivi. Fundi mmoja wa kutembea alikuwa amekuja kutengeneza printa ya duka, akawasikia wauzaji wakilalamikia kizuizi, akawaambia analo toleo jipya. Mtu fulani, yeye au mwingine, alikuwa ameipasua programu yetu, akazima ulinzi wa kuzuia kunakili na kizuizi cha tarehe kwa pamoja, akapandisha namba ili ionekane mpya. Fundi hakuonekana tena. Namba yake ya simu ilipokelewa na mama mmoja wa Morogoro aliyekasirika sana kusumbuliwa.

Bwana Komba aliletwa pale ofisini kuthibitisha. Hakunilaumu. Alikaa kwenye stuli, miwani mkononi, akanitazama kama mtu anayeomba kusahihishwa.

“Dada Asumini, kabla sijakubali nilikagua kama ulivyonifundisha,” akasema. “Nilikuta jina lenu.”

Bwana Hasmukh aligeukia dirishani.

Nikajaribu kumweleza Chacha. Nikamwonyesha kwa chombo chetu cha kufungulia programu kwamba namba zilipishana: maandishi yanasema 4.3, tarakimu za ndani zinasema 4.1. Aliyeichezea alibadilisha pa kwanza akasahau pa pili. Chacha aliinama akaangalia vizuri, akauliza maswali ya mtu mwenye akili. Kisha akauliza kama mimi ningeweza kufanya badiliko kama lile. Nikasema yeyote anaweza. Akasema nimwonyeshe.

Nilidhani hapo ndipo tunapoponea. Nikachukua nakala ya programu, nikaifungua, nikafuta jina letu, nikaandika jina lake yeye, Chacha, kuwa ndiye mtengenezaji, na namba nikaandika niliyoitaka. Nikahifadhi, nikabonyeza kulia, nikamgeuzia kioo. Alijiona pale kuwa mwandishi wa programu za dawa. Wenzake wakacheka kidogo. Yeye hakucheka.

“Kwa hiyo, mama, jina hili halithibitishi kwamba programu ni yenu,” akasema.

“Ndiyo, afande.”

“Na namba zikipishana, wewe mwenyewe ungeweza kuzipishanisha, ili siku ukikamatwa useme si yako.”

Lilikuwa neno la haki. Miaka yote nilikuwa nikishona jina letu ndani ya programu nikiamini ninaweka alama isiyofutika, na sasa nilikuwa nimemthibitishia mpelelezi, kwa mkono wangu, kwamba haina uzito wowote, upande huu wala ule.

Mtaniuliza kwa nini hatukuweka sahihi ya kidijitali, ile inayoharibika faili likiguswa. Tuliiomba, kabla na baada. Watu wa nje ya nchi waliokuwa wakiitoa walitaka kuhakiki anwani ya ofisi, na anwani yetu ilikuwa “juu ya duka la vitenge, ngazi za nyuma.” Walijibu kwa adabu kwamba hawaipati kwenye ramani. Tulikuja kuipata baadaye sana, kwa kupitia ofisi ya binamu yake Bwana Hasmukh. Na tulipoipata, nilizunguka kwa wateja nikiwaonyesha jinsi ya kuikagua, nao wakaniangalia kama mtu anayeuza kufuli kwenye nyumba iliyoungua.

Walichukua kompyuta zetu mbili kwa uchunguzi. Zilirudi baada ya muda mrefu, moja haiwaki. Hatukushtakiwa. Hatukusafishwa pia. Jalada halikufungwa wala halikusonga, na kila nilipokwenda kuuliza niliambiwa nirudi. Bwana Komba alirudi Songea na hakufungua duka tena. Kariakoo habari haihitaji gazeti. Ilitosha mtu mmoja kusema “wale wa programu iliyoua mtu,” na wateja wakaanza kupiga simu mmoja mmoja, kwa upole, kuomba tukaiondoe. Niliondoa nilizoweza kwa mikono yangu. Kuiondoa programu uliyoiandika mwenyewe huku mwenye duka akikukaribisha soda ni kazi ambayo hakuna chuo kinachoifundisha.

Bwana Hasmukh alijikaza kwa muda. Alikuja kila asubuhi, akachoma udi, akakaa. Presha ikampanda, akaanguka kwenye ngazi, na binti yake akaja kumchukua kwenda kuishi naye Arusha. Alinipigia simu kila Ijumaa. Salamu zikiisha aliuliza, “Wamempata?” Alikuwa akimwulizia yule fundi, nami nilimjibu bado. Ikafika Ijumaa moja hakuuliza. Tukazungumza habari za mvua. Nilipokata simu nilijua amekata tamaa, na nilimwonea wivu kwa kuweza. Alifariki masika yaliyofuata.

Lakini kabla ya hapo, siku tuliyokuwa tukihamisha vitu ofisini, alikuja mama mmoja. Wapagazi walikuwa wakishusha meza, yeye akasimama pembeni ya mlango akisubiri wapite. Alikuwa amejifunga khanga mbili, na mkononi ana mfuko wa nailoni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza kama hapa ndipo kwa watu wa kompyuta. Nikamwambia ndipo, lakini tunafunga. Akasema hakuja kununua. Akatoa kwenye mfuko risiti ya duka la dawa, imekunjwa mara nyingi hata wino umepauka. Chini kabisa ya risiti, programu zetu huchapisha zenyewe jina la ofisi, likichukuliwa kutoka kwenye maelezo yaleyale ya ndani. Nilikuwa nimelipanga hivyo mimi, kwa matangazo.

Alikuwa mke wa yule mzee. Alijulikana kwa jina la Mama Tatu.

Nilimpa kiti cha mwisho kilichobaki. Akanieleza habari za mumewe bila haraka: kwamba alikuwa fundi cherehani, kwamba alikuwa hodari wa kufuata masharti ya dawa kuliko hata ya dini, kwamba siku ile alijichoma mbele yake akamwambia leo nimewahi. Hakulia. Aliposoma lile jina kwenye risiti aliuliza mtaani mpaka akaelekezwa. Alitaka kuona sura za watu.

Nikajitahidi kumweleza. Nilianza na fundi, nikaja kwenye kizuizi, nikafika kwenye namba mbili. Nilijisikia nikizungumza maneno ambayo yote ni ya kweli na hakuna hata moja linalomfaa. Akanisikiliza mpaka mwisho.

“Jina hili ni lenu au si lenu?” akauliza.

“Jina ni letu, mama. Programu si yetu.”

“Programu mimi siijui,” akasema. “Mimi nina jina.”

Akanyoosha risiti juu ya goti. Kisha akaniomba jambo moja. Alisema mjukuu wake naye ameanza kuumwa sukari, na wananunua dawa hukuhuku Kariakoo. Akaniomba, kama ninavyojua kuliweka jina hilo ndani ya kompyuta, basi nikalitoe, popote lilipo, ili asije akaletewa tena risiti yenye jina hilo.

Nikamwambia siwezi. Nikamweleza kwamba nakala zile ziko kwenye kompyuta nisizozijua, zinahama kwa flashi kutoka duka hadi duka, na hakuna mtu anayejua ni ngapi. Alitikisa kichwa taratibu, akaikunja risiti kama ilivyokuwa, akairudisha mfukoni. Akaniuliza ninakaa wapi. Nikamwambia Buguruni. Akasema basi sisi ni majirani, na akaniaga vizuri, kwa jina la Mungu, kama watu wanavyoagana. Nilimsindikiza mpaka chini, akavuka kuelekea Mnazi Mmoja, nami nikabaki nimesimama mbele ya duka la vitenge mpaka mwenye duka akaniuliza kama ninaumwa.

Baada ya hapo niliajiriwa huku kwenu, nikakaa mpaka umri ukafika. Mlinikuta nikikagua maelezo ya kila programu kabla haijatoka, jina, toleo, pasipoti, sahihi, na mlifikiri ni ukali wa uzee. Endeleeni kuviweka. Programu isiyo navyo itadanganywa na mfumo, itawasumbua wateja wenu, itawarudi. Sina ushauri mwingine, na sitawadanganya kwamba vitawalinda.

Mwezi huu nilikwenda kununua dawa zangu za presha, duka nisilolizoea, mtaa wa nyuma. Kijana aliniuzia kwa haraka, printa ikalia, akanipa risiti. Chini yake palikuwa na jina letu. Nikamwomba anionyeshe programu, nikamwambia nilikuwa fundi wa mambo hayo. Akageuza kioo kwa moyo mweupe. Toleo la sita, akaniambia, ndilo jipya kabisa, halisumbui. Nikamwuliza kama huwa linakataa dawa iliyopita muda. Akacheka, akasema hilo tatizo lilikuwa la matoleo ya zamani.